Sentimita 90 za Ugomvi: Mwamuzi wa Netiboli na Kosa la Kuzuia, Jinja na Mbale

Ni makosa machache ya michezo yanayoweza kumfanya mwamuzi azomewe na pande zote mbili kwa wakati mmoja, kila upande ukiwa na hakika kwamba umeonewa. Kosa la kuzuia katika netiboli ni mojawapo. Kwenye viwanja vya shule vya Jinja, karibu na Mto Nile, na vya Mbale, chini ya jabali la Wanale, kelele ni zile zile: mlinzi ameinua mikono mbele ya mfungaji, kipenga kimelia, walimu wawili wameruka kutoka vitini. Mmoja anauliza kosa liko wapi. Wa pili anataka kujua kwa nini kitendo hicho hicho hakikuwa kosa dakika tano zilizopita.

Swali hilo lilipata uzito mpya Agosti 2024, Mbale na jirani yake Bukedea walipokuwa wenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA. Mashindano ya namna hiyo huwakutanisha wasichana waliolelewa na vipenga tofauti. Aliyezoea kuachiwa nyumbani anashangaa kuadhibiwa ugenini, na aliyezoea kulindwa anashangaa kuachwa. Tena Uganda si mgeni wa mchezo huu duniani. She Cranes, timu ya taifa, ilishika nafasi ya nane katika Kombe la Dunia la Sydney 2015, ya saba Liverpool 2019, na ya tano Cape Town 2023. Timu inayopanda hivyo hutegemea shule kupata wachezaji, kwa hiyo kile ambacho mwamuzi wa Bugembe kule Jinja au Namakwekwe kule Mbale anakiita kuzuia kina mwisho wake mbali na uwanja wa vumbi.

Kanuni yenyewe

Kanuni ya netiboli kuhusu kuzuia ina sura mbili, na nusu ya ugomvi hutokana na kuzichanganya.

Sura ya kwanza ni ya mchezaji mwenye mpira. Mlinzi anayetaka kuinua mikono kumkabili lazima awe umbali usiopungua mita 0.9, yaani sentimita 90. Umbali huo hupimwa ardhini. Haupimwi kutoka mikononi, kifuani wala usoni. Hupimwa kutoka mguu wa mshambuliaji uliotangulia kutua alipopokea mpira hadi mguu wa mlinzi ulio karibu zaidi. Mguu huo ukishainuliwa, kipimo hubaki pale ulipokuwa umekanyaga.

Hapa ndipo macho ya watazamaji yanapowadanganya. Chukua mfungaji mwenye herufi GA kifuani. Amepokea mpira akikimbia, ametua kwa mguu wa kushoto, kisha akapeleka wa kulia mbele kuelekea nguzo. GK, mlinzi wa upande wa pili, amesimama sentimita 90 kutoka pale mguu wa kushoto ulipotua, mikono juu. Kati ya mguu wa kulia wa mfungaji na vidole vya miguu vya mlinzi zimebaki shubiri mbili tu, na uwanja mzima unapiga kelele kwamba amemsogelea. Hakuna kosa. Aliyepunguza umbali ni mfungaji mwenyewe. Geuza picha: mfungaji ametua kwa kulia, akarudisha kushoto nyuma kujipa nafasi, na mlinzi akasogea hatua moja ndogo kumfuata. Kwa macho bado wameachana vizuri. Kwa kanuni mlinzi amekwisha kuingia ndani ya kipimo, na akiinua mikono amekosa.

Ongeza jambo jingine. Mlinzi aliye umbali halali anaruhusiwa kuinama mbele, akasimama kwa ncha za vidole, mikono ikaning'inia juu kabisa ya mpira, mradi miguu ibaki pale na asimguse mtu wala mpira ulio mikononi mwa mwenzake. Akiruka kuudaka au kuupangua mpira ni halali pia, lakini akitua ndani ya sentimita 90 na kumsumbua mwenye mpira kabla hajaurusha, ni kosa hata kama hajamgusa unywele.

Sura ya pili ni ya mchezaji asiye na mpira. Hapa kukaribia si kosa. Walinzi wanaweza kukaa bega kwa bega na washambuliaji muda wote. Lililokatazwa ni kutanua mikono kama ua ili kumfungia mtu asipite. Mikono ikiinuliwa kuudaka mpira unaopita, kugombea unaodunda kutoka kwenye pete au kuomba pasi kwa muda mfupi, haihesabiwi.

Adhabu ni moja kwa zote. Timu iliyokosewa hupewa pasi ya adhabu, na kosa likitokea ndani ya duara la kufungia, mfungaji anachagua pasi au shuti. Mkosaji husimama kando ya anayetekeleza adhabu, asishiriki mchezo mpaka mpira uachiwe.

Mkanganyiko unatoka wapi

Sababu ya kwanza ni macho. Mtazamaji hutazama mikono, na mwamuzi anatakiwa atazame miguu. Mikono iko juu na huonekana na kila mtu; miguu imefichwa na miguu mingine kumi na miwili, na mara nyingi na watoto waliochuchumaa mstarini. Tuseme ukweli, hata makocha wengi hufundisha ulinzi wa mikono, na umbali hukumbukwa kipenga kikishalia.

Ya pili ni uwanja. Uwanja rasmi una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na pembeni unahitaji nafasi wazi ya mita 3.05 kila upande. Nafasi hiyo ni barabara ya waamuzi. Wapo wawili, kila mmoja akishika nusu yake, na hukimbia nje ya mstari ili wapate pembe ya kuona pengo kati ya miguu miwili. Pale mashabiki wanaposimama juu ya mstari wenyewe, jambo la kawaida kwenye viwanja vya shule, mwamuzi hubaki amebanwa sehemu moja. Anayetazama kutoka nyuma ya mlinzi haoni pengo hata kidogo, anaona mgongo. Akipuliza, amekisia.

Ya tatu ni kugusana. Hilo ni kosa jingine lenye adhabu ile ile, na mara nyingi hufuatana na kuzuia katika sekunde moja. Mlinzi akiingia ndani ya kipimo, hatua inayofuata ni kiwiko. Mwamuzi asipotaja kosa lipi ameliona, na asipolionyesha kwa mikono, mchezaji hajui arekebishe nini. Aliyeambiwa umbali hurudi nyuma. Aliyeambiwa amegusa hushusha mkono. Asiyeambiwa kitu hukasirika.

Kuna pia urefu wa wafungaji. Uganda imetoa wafungaji warefu kama Peace Proscovia na Mary Cholhok, wote wawili waliowahi kuichezea Loughborough Lightning ya Uingereza, na kila shule sasa inatafuta mrefu wake. Mlinzi mfupi aliyepangiwa mtu wa namna hiyo ana mambo mawili ya kufanya: ajifunze kuinama na kuruka kwa wakati, au aibe shubiri moja ya umbali. La pili ni rahisi zaidi kufundishwa.

Wanaotaka kipenga kila mara

Kundi la kwanza la wadau, likiwa na waamuzi wengi waliosomea kazi hiyo, linasema sentimita 90 ni sentimita 90. Anayeingia apigiwe kipenga, iwe dakika ya kwanza au ya mwisho, katikati ya uwanja au chini ya pete.

Hoja yao ina nguvu. Kanuni hii haikuwekwa kwa urembo. Mwenye mpira hawezi kukimbia nao, na ana sekunde tatu tu za kuuachia. Amefungwa miguu na saa. Umbali ndio ngao pekee aliyopewa, na mwamuzi akiilegeza, mchezo unageuka wa kusukumana. Pili, ukali unalinda miili: mahali ambapo kuzuia hakuadhibiwi, kugusana hufuata, na baada ya kugusana huja maumivu ya vidole na vifundo. Tatu, msichana wa Jinja atakayefika timu ya taifa atakutana na waamuzi wasio na huruma ya nyumbani. Bora achomwe mapema.

Lakini ukali wa namna hii una bei, na bei yenyewe haionekani mpaka uangalie nani anafaidika na kila kipenga. Katikati ya uwanja, timu iliyokosewa tayari ina mpira. Mshambuliaji amedaka, wenzake wawili wanakimbilia nafasi, walinzi wametawanyika. Kipenga kinalia. Mpira unabaki kwa wale wale waliokuwa nao, ila sasa mbio zimekatika na walinzi wengine wamepata muda wa kujipanga. Mkosaji amesimama pembeni kwa sekunde chache, naam, lakini timu yake imepata ilichokitaka. Mlinzi mjanja anajifunza haraka kwamba kosa la katikati ya uwanja ni njia rahisi ya kupunguza kasi ya wapinzani, na mwamuzi mkali ndiye mshirika wake.

Halafu kuna uchovu wa kawaida. Mchezo kamili ni robo nne za dakika 15. Ukiujaza vipenga, wachezaji wanaacha kucheza na kuanza kungoja, na watazamaji wa Mbale hawana subira ya kungoja.

Wanaosema waache wacheze

Kundi la pili linatumia neno moja la kanuni zenyewe: faida. Mwamuzi ameruhusiwa kutosimamisha mchezo ikiwa kusimamisha kutaiumiza timu iliyokosewa. Makocha wa timu zenye kasi wanaipenda hoja hii, na wako sahihi katika ule mfano wa katikati ya uwanja. Mpira unaokwenda mbele una thamani kuliko pasi ya adhabu.

Udhaifu ni kwamba faida ni rahisi kujificha nyuma yake. Mwamuzi ambaye hakuona, au hakuwa na uhakika, au ameogopa kelele, anaweza kusema baadaye kwamba alitoa faida. Hakuna wa kumpinga kwa sababu hakuonyesha ishara yoyote. Kwa mlinzi, faida isiyotangazwa ni ruhusa. Leo anasimama sentimita 80, kesho 70, na kufika mashindano ya kanda amezoea umbali ambao haupo katika kanuni yoyote duniani.

Tena faida haina maana sawa kila mahali. Mfungaji aliyebanwa ndani ya duara hana mbio za kulinda. Kumwachia acheze ni kumnyima haki ya kuondolewa mlinzi mbele yake, na hicho ndicho hasa alichostahili. Wanaotaka mchezo uachwe utiririke husahau kwamba chini ya pete hakuna kinachotiririka. Pale watu wamesimama.

Na watoto wa shule za msingi?

Walimu wengine wanashika njia ya tatu: ukali upande na umri. Mtoto wa miaka kumi na moja hana hatua ya sentimita 90, wanasema. Akilazimishwa kurudi nyuma kila mara anaogopa kulinda kabisa. Aachwe ajifunze kukimbia na kudaka, umbali utakuja.

Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa mahali pengi michezo ya watoto huchezwa kwa kanuni zilizorahisishwa. Tatizo ni kwamba urahisi huo huwekwa kwa makubaliano kabla ya mchezo, na hauachiwi mwamuzi aubuni njiani. Mwalimu wa shule moja akilegeza na wa shule jirani akikaza, watoto hawajifunzi kanuni nyepesi. Wanajifunza kwamba kanuni ni tabia ya mtu. Na mazoea ya miguu ndiyo magumu kuliko yote kuyabadilisha. Mlinzi aliyejifunza kusogea kabla ya kuinua mikono atalipa kwa miaka. Kwa watoto, la busara ni kulegeza adhabu, kipimo kikibaki pale pale: mwamuzi asimamishe, aonyeshe kwa mkono mahali pa kusimama, mchezo uendelee.

Softiboli ilivyojipanga

Inasaidia kutazama mchezo mwingine unaoujua mgogoro huu vizuri. Softiboli na nduguye besiboli si ngeni kwenye barabara ya Kampala kwenda mashariki: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, mji ulio kati ya Kampala na Jinja, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, Little League, kule Williamsport, Marekani, mwaka mmoja baada ya Waganda wengine kufuzu na kukosa viza.

Huko nako lipo kosa la kuzuia. Mlinzi asiye na mpira, na asiyekuwa katika harakati za kuudaka mpira uliopigwa, hana haki ya kusimama katika njia ya mkimbiaji anayekwenda kituo kinachofuata. Tofauti iko katika namna ya kuliadhibu. Mwamuzi hasimamishi mchezo papo hapo. Anaunyosha mkono wa kushoto pembeni akiwa amekunja ngumi, ishara ambayo kila mtu anaiona, na mchezo unaendelea. Ukimalizika, anajiuliza: kama asingezuiwa, mkimbiaji angefika wapi? Anampa kituo hicho. Kama amekwisha kukipita kwa miguu yake, basi.

Vilevile nia haiulizwi. Tarehe 26 Oktoba 2013, mchezo wa tatu wa fainali za besiboli za Marekani, World Series, ulimalizika kwa uamuzi wa namna hiyo: Allen Craig wa St. Louis Cardinals alijikwaa kwa Will Middlebrooks wa Boston aliyekuwa amelala chini baada ya kuukosa mpira, mwamuzi Jim Joyce akaonyesha kuzuia, na Cardinals wakashinda 5–4. Haikujalisha kama Middlebrooks alikusudia. Alikuwa njiani, yatosha. Waamuzi wetu wanaosita kwa sababu eti binti hakufanya makusudi wangejifunza hapo: kanuni ya netiboli nayo inauliza mguu uko wapi, haiulizi moyo umewaza nini.

Lakini kilicho bora zaidi katika utaratibu wa softiboli ni mpangilio wake: ishara kwanza, adhabu baadaye. Mwamuzi amekiri mbele ya wote kwamba ameona, na bado hajamnyang'anya mshambuliaji mbio zake. Netiboli ina kitu kinachofanana nacho. Mwamuzi anayetoa faida anatakiwa aonyeshe kwa mkono na kutaja kosa. Na kipenga kikilia mfungaji akiwa anauachia mpira, goli likiingia linahesabiwa, likikosa adhabu inawekwa. Zana zipo. Hazitumiki vya kutosha.

Kupima

Ukiziweka hoja hizi kwenye mizani, swali la kipenga kingi au kichache linapoteza umuhimu wake. La maana ni mahali. Ndani ya duara la mita 4.9, mwamuzi awe mkali bila kusita, kwa sababu pale kipenga kinampa aliyekosewa kitu halisi, yaani nafasi ya kufunga bila mlinzi mbele yake. Nje ya duara, faida itangulie, ila faida yenye mkono na sauti. Mlinzi asikie herufi zake zikitajwa, ajue kwamba ameonekana.

Kuna hatari upande wa duara, na wanaopendelea ukali huipita haraka. Kipenga cha kukisia pale ni karibu sawa na zawadi ya goli. Kosa lililopitwa humgharimu mfungaji shuti moja lenye usumbufu; kosa la kubuni huigharimu timu nzima ya pili. Kwa hiyo ukali uende na sharti: mwamuzi apulize kwa miguu aliyoiona. Kama hakuona pengo, mikono iliyoinuliwa peke yake si ushahidi. Hilo litawaudhi wafungaji, na ni haki yao kuudhika, lakini ndilo kosa jepesi kati ya mawili.

Kwa anayerudia, vipenga zaidi si dawa. Kanuni zimeweka ngazi: onyo, kusimamishwa dakika 2, na kutolewa. Katika michezo ya shule ngazi hizi ni kama hazipo. Mlinzi mmoja anaweza kuadhibiwa mara kumi na tano kwa kosa lile lile na hakuna neno analoambiwa. Kumsimamisha dakika mbili robo ya kwanza kunaweza kuokoa vipenga vya robo tatu zinazofuata. Waamuzi huogopa hatua hiyo kwa sababu wanaonekana wakatili kwa mtoto. Kipenga cha mara kumi na tano ni kikatili zaidi, na hakifundishi.

Mengine ni ya waandaaji. Ufito wa sentimita 90 mazoezini, wachezaji na waamuzi wakizoesha macho yao kwa kipimo hicho hicho. Kamba kuzunguka uwanja, mita tatu kutoka mstarini, ili mwamuzi apate njia ya kukimbia. Mkutano wa dakika kumi na makocha kabla ya mchezo, miguu ikionyeshwa kwa vitendo kwa kuwa maelezo ya mdomo peke yake huishia hewani. Haya hayahitaji shirikisho la dunia.

Lililo gumu ni kumpata mwamuzi asiye mwalimu wa mojawapo ya shule zinazocheza. Hata kipenga safi kabisa hakiaminiki kikiwa mdomoni mwa mtu ambaye asubuhi alikuja na basi la timu moja. Kuwabadilisha waamuzi kati ya miji hii miwili, wa Mbale wachezeshe Jinja na wa Jinja waende Mbale, kunawezekana. Barabara ipo na waamuzi wapo. Kinachokosekana ni fungu la nauli na chakula chao, nalo liandikwe katika bajeti ya mashindano kabla ya fungu la vikombe.